Una hela ya kusaidia chuo hapa Mwanza: ada ya mtoto mmoja, mfuko wa dharura, walimu, au mfuko wa kudumu?

Kila ikifika mwezi wa tisa, wa kumi, vyuo vikikaribia kufungua, swali hili linarudi. Kuna grupu la watu waliosoma pamoja limekusanya milioni tatu, kuna mzee wa dagaa pale Mwaloni Kirumba amepata giza zuri (zile siku zisizo na mbalamwezi, dagaa inapovuliwa kwa wingi) anataka kufanya jambo, kuna dada yuko Dodoma anaweza kutoa elfu hamsini kila mshahara ukiingia, na wote wanataka hela yao ifike kwenye chuo kilichopo huku kwetu Kanda ya Ziwa. Halafu wanakwama. Mmoja anasema tumlipie mtoto ada, mwingine anasema tuweke akiba ya kuokoa wanaokwama katikati ya mwaka, wa tatu anauliza mbona walimu hatuwataji, na wa nne, mara nyingi ni yule anayefanya kazi benki, anasema hela ikae mahali izae. Mimi ndiye nashika daftari la michango kwenye grupu letu kwa hiyo ubishi huu naujua, na wote wanne huwa wana hoja.

Shida ni kwamba watu wanaanza na "nani ana shida zaidi", na hapo hamtafika mwisho maana wenye shida hawaishi. Mimi naona uanze na hela yenyewe. Inakuja mara moja au kila mwezi? Ni kubwa au ndogo? Na wewe una muda wa kuifuatilia au unataka utoe uendelee na maisha yako? Ukishajibu hayo, njia mbili kati ya nne zinajiondoa zenyewe.

Kwanza tuwekane sawa kidogo. Kuchangia vyuo vya huku si jambo la jana. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino cha Malimbe, imekuwa chuo kikuu mwaka 1998 lakini mizizi yake ni kile kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi kilichoanzishwa 1960 na Askofu Joseph Blomjous, mmoja wa wale mapadri tuliozoea kuwaita White Fathers. CUHAS, chuo cha udaktari pale kilimani Bugando, ilianza kufundisha madaktari 2003, na mwaka uliofuata kule Marekani ikaanzishwa Touch Foundation ambayo ilichangia sana kukikuza chuo hicho, huku Weill Cornell ya New York ikileta madaktari wao kufundisha na kulea walimu wa hapa. Yaani kuna watu walitoa hela zao wakiwa hata hawajui Mabatini ni wapi.

Utasema Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, tangu 2005, na inabeba wengi wakiwemo wa vyuo binafsi. Lakini si kila anayeomba anapata, na anayepata si lazima apate ada yote, na bumu, ile hela ya kula na kulala ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, imepigiwa hesabu ya kula na kulala tu, haina nafasi ya msiba wala laptopu iliyokufa wiki ya kukusanya ripoti. Na likichelewa mwanzo wa semista, kila mwenye geto anajua.

Vigezo nitakavyotumia

Kila njia nitaipima kwa mambo yaleyale matano: inamgusa nani na kwa haraka gani, inakufunga wewe mtoaji kwa muda gani, kazi ya kufuatilia ikoje, inaweza kuvuja wapi, na inamfaa mtoaji wa aina gani. Kuna njia nitaongea sana na kuna njia nitapita haraka, si kwamba naipendelea moja, ni kwamba nyingine zina mambo mengi ambayo watu hawayaoni mpaka wameshaingia.

1. Kumlipia ada mwanafunzi mmoja au wawili

*Inamgusa nani, lini.* Mtu mmoja na familia yake nyuma, na matokeo ni ya haraka. Ada ikiingia anasajiliwa, anapata kitambulisho, anakaa darasani. Ndiyo maana watu wanaipenda, unamwona mtu kwa macho, anakutumia matokeo yake, na siku ya mahafali mnapiga picha pamoja.

*Inakufunga kwa muda gani.* Hapa ndipo hesabu huwa haifanywi. Digrii ya biashara au ualimu ni miaka 3, sheria 4, udaktari wa binadamu 5 na baada ya hapo kuna mwaka wa mazoezi hospitalini. Ukimshika mtoto mwaka wa kwanza halafu ukamwachia mwaka wa pili, umemwacha pabaya kuliko ulipomkuta, maana alishaacha ile diploma ya karibu na nyumbani au kazi aliyokuwa ameipata. Kwa hiyo kabla hujatamka neno "nitakusomesha", zidisha ada kwa miaka yote, ongeza michango ya chuo, bima ya afya, fildi (mafunzo ya vitendo kazini), chumba, halafu ujiulize kama biashara yako ikiyumba mwaka wa tatu itakuwaje. Kuna ujanja mmoja naupenda: shika wa mwaka wa mwisho tu. Ahadi ni ya mwaka mmoja, mtu ameshathibitisha kuwa anaweza masomo, na mwakani unashika mwingine.

*Kazi ya kufuatilia.* Ni ndogo ukiwa na utaratibu. Omba namba ya malipo ya chuo kwa jina la mwanafunzi, lipa huko moja kwa moja, tunza risiti. Usimpe mkononi. Sisemi ni mwizi, ila mtoto wa miaka ishirini na moja mwenye milioni kwenye simu, yuko geto Sweya, mama anaumwa Sengerema, unadhani atafanya nini? Atatuma nyumbani, na mimi na wewe tungetuma. Pia muulize kama ana mkopo wa Bodi na unabeba asilimia ngapi ya ada, ili ulipie kile kilichobaki, usije ukalipa mara mbili kitu kimoja.

*Pa kuvuja.* Upendeleo. Kama ni grupu, swali la kwanza litakuwa nani anachagua, na jibu la siri litakuwa mtoto wa shemeji ya mwenyekiti. Halafu kuna lile ambalo hakuna anayetaka kulisema: akidisco (akiondolewa chuo kwa kufeli) je? Akisapu (akirudia mtihani) masomo matatu je? Akipata mimba akaahirisha mwaka je? Andikeni majibu mapema, ukurasa mmoja unatosha, na mwanafunzi asome asaini, ili siku likitokea asiwe anahukumiwa na watu wenye hasira kwenye WhatsApp.

*Inamfaa nani.* Mwenye kipato cha uhakika kwa miaka kadhaa, au familia, au kampuni ambayo bajeti yake haitegemei msimu. Pia inamfaa mtu ambaye kwake uhusiano una maana, anayetaka kumlea mtu na si kulipa tu.

2. Mfuko wa dharura

Hii haijulikani sana kwa hiyo nitaieleza taratibu. Badala ya kumbeba mtu mmoja kwa miaka mitatu, mnaweka hela kidogo kidogo sehemu moja, na mwanafunzi yeyote aliyekwama kwa kiasi kidogo anaomba, anapewa ndani ya siku chache, basi.

*Inamgusa nani, lini.* Wengi, na kwa wakati ambao inauma zaidi. Chukua binti wa mwaka wa pili, kwao Ukerewe, kaka yake anavua dagaa. Dagaa inavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali boti zinakaa ufukweni na hela haipo. Sasa mtihani wa mwisho wa semista hauangalii mwezi. Wiki moja kabla ya huo mtihani, UE, utamkuta kwenye dirisha la uhasibu, ameshika risiti zake za zamani zimekunjwa mara nne, simu ina kioo kilichopasuka anasubiri meseji ya kaka, na anachodaiwa hakizidi laki mbili, lakini bila laki mbili hiyo hapati kibali cha kuingia chumba cha mtihani, na asipofanya mtihani anaahirisha, akiahirisha anapoteza mwaka, na mwaka ukipotea hata mkopo wake unaingia kwenye matatizo. Kaka angekuwa na hiyo hela baada ya siku kumi, giza likirudi. Yaani pengo ni siku kumi! Hela ndogo kwa wakati wake hapa inafanya kazi ambayo milioni mbili za mwezi wa kumi na moja haziwezi.

*Inakufunga kwa muda gani.* Haikufungi. Unaweza kuchangia mwaka huu usichangie mwakani, mfuko utapungua ila hakuna mtu uliyemwahidi ukamwacha njiani. Kwa watu wa Mwaloni ambao hela yao inakuja kwa giza, naona hii ndiyo inayoendana na maisha yao.

*Kazi ya kufuatilia.* Hapa ndipo penye bei yake. Lazima awepo mtu wa kupokea maombi, kuuliza maswali mawili matatu, na kuamua haraka. Mkisema kamati ikutane kila mwezi mmeua maana nzima ya neno dharura. Wanaofanya vizuri wanamtumia mlezi wa wanafunzi wa chuo au padri au mchungaji wa chuoni, maana hao wanajua nani kweli hajala tangu jana, na wanampa kiwango, tuseme mwisho laki mbili kwa mtu kwa semista, akipita hapo ndipo awaulize nyie. Kila mwisho wa semista anawaletea orodha, majina yakiwa yamefichwa, ya kiasi na sababu.

Na hilo la majina naomba tulizingatie. Ile tabia ya kumsimamisha mtoto na hundi ya kadibodi ukubwa wa mlango halafu picha inazunguka magrupu yote ya mkoa, kwa mfuko wa dharura inaua kabisa, kwa sababu waliokwama kweli wana aibu na hawatakuja. Tena sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za shida ya mtu si za kusambaza bila ridhaa yake.

*Pa kuvuja.* Wajanja watajifunza njia. Kuna wanaofiwa na bibi yuleyule kila semista. Kiwango kidogo na kulipa moja kwa moja panapodaiwa (chuo, mwenye nyumba, hospitali) kunapunguza. Halafu kuna hatari ya upande wa pili, masharti yakizidi, barua ya mtendaji, barua ya mwenyekiti wa mtaa, vyeti vya vifo, mwishowe anayepata ni mwenye muda wa kuzunguka ofisi, na si mwenye shida. Mimi ningekubali kudanganywa mara chache kuliko kumzuia yule wa Ukerewe, ila najua wenzangu wengine hawakubali na wana haki, hela ni yao pia.

*Inamfaa nani.* Grupu lenye watu wengi wanaotoa kidogo kidogo, wenye biashara ya msimu, na yeyote ambaye hataki ahadi ya miaka.

3. Kuwasaidia walimu

Ukilitaja hili kwenye grupu kunakuwa kimya. Watu wanasema mwalimu ana mshahara, sisi tunasaidia watoto. Sawa, lakini angalia hesabu yake. Madarasa ya mwaka wa kwanza kwenye zile kozi za pamoja yanaweza kuwa na mamia ya watu, na anayesahihisha ni TA (mwalimu msaidizi) mmoja, kijana aliyemaliza juzi na GPA kali, anabeba mafurushi ya majibu kwenye daladala ya kwenda Buhongwa na anayasahihisha usiku kwa taa ya simu umeme ukikatika. Kijana huyo akipata masta, halafu PhD, atafundisha miaka thelathini. Kila mwanafunzi atakayepita mbele yake ni sehemu ya ile hela yako.

*Inamgusa nani, lini.* Inachelewa. Masta ni kama miaka 2, PhD ni 3 na mara nyingi zaidi. Lakini kuna msaada wa walimu unaoleta matokeo mapema, ule wa utafiti mdogo. Chukua kichocho. Ni ugonjwa wa ziwa letu, watoto wa visiwani na wavuvi wanauishi. Mhadhiri anayetaka kujua kitu fulani kuhusu kichocho kwenye kisiwa kimoja anahitaji mafuta ya boti, makopo ya sampuli, darubini inayofanya kazi, msaidizi wa kulala naye huko siku kadhaa. Hela kubwa za utafiti zinatoka nje na zinakuja na maswali ya huko nje. Hela ndogo ya hapa inamruhusu aanze na swali lake mwenyewe, apate matokeo ya mwanzo, na kwa matokeo hayo ndipo anaweza kushindania hela kubwa akiwa na kitu mkononi. Na wanafunzi wake wanakwenda naye, wanajifunza kwa mikono.

Tahadhari moja ya kuokoa hela: msikimbilie kununua majarida ya kisayansi. Kuna mpango wa Research4Life, na kwa afya kuna Hinari iliyoanzishwa 2002 chini ya Shirika la Afya Duniani, ambao unawapa vyuo vya nchi kama yetu majarida mengi bure au kwa bei ndogo sana. Muulizeni mkutubi kwanza. Mara nyingi kinachokosekana ni bando, kompyuta, na mtu wa kuwaonyesha walimu wapya namna ya kuingia.

*Inakufunga kwa muda gani.* Inategemea. Utafiti mdogo, mara moja tu. Kumsomesha TA, miaka miwili mitatu, na ni sawa na ile ya ada hapo juu, usianze usichoweza kumaliza.

*Kazi ya kufuatilia.* Nyepesi kama inapitia kurugenzi ya utafiti na masomo ya uzamili ya chuo, nzito kama mnataka kuamua wenyewe, kwa sababu ni nani kwenye grupu anaweza kusoma andiko la utafiti akajua kama ni zuri? Acheni wenzake wa fani wachague, nyie ombeni ripoti ya kurasa mbili kwa lugha ambayo mzee wa Mwaloni ataielewa, na mkiweza muiteni aje aeleze siku ya mkutano wenu. Mhadhiri mmoja akisimama dakika ishirini akaeleza kwa nini konokono wa kichocho wanakaa upande ule wa ufuo na si huu, mtachanga tena bila kuombwa.

*Pa kuvuja.* Posho na vitafunwa. Hela ya "kuwajengea uwezo walimu" ina mazoea mabaya ya kuishia kwenye hoteli ya Capri Point. Sema wazi inanunua nini. Pili, mtu anasoma kwa hela yenu halafu anaondoka. Wanaandika mkataba wa kurudi kufundisha miaka kadhaa, mkataba ni mzuri, lakini mtu akiamua kwenda ataenda, hesabuni hilo kama gharama. Tatu, na hili lisemwe kwa sauti: kama mtoto wako anasoma kwenye idara hiyo, usimpe mwalimu wake kitu mkononi hata kama nia yako ni nyeupe. Pitisha chuoni, kwa barua, kwa risiti. TAKUKURU hawana mashine ya kupima nia.

*Inamfaa nani.* Watu wa taaluma fulani wanaotaka taaluma yao ikue (madaktari, wanasheria, wahasibu), kampuni inayotegemea wahitimu wazuri, na mtoaji mwenye subira ambaye haumii asipopigiwa makofi.

4. Mfuko wa kudumu

Mtaji hauguswi, kinacholiwa ni faida. Watu huwa wanatoa mfano wa Marekani, na mfano upo: Chuo cha Berea kule Kentucky hakijatoza ada tangu 1892, kinabebwa na mfuko wa namna hii na michango, na wanafunzi wake wote wanafanya kazi chuoni. Mzuri, ila wamejenga kwa zaidi ya miaka mia. Tuje kwetu.

*Inamgusa nani, lini.* Mwaka wa kwanza karibu hakuna mtu. Piga hesabu: mna milioni 10, chukulia mmeiweka mahali panapolipa asilimia 12 kwa mwaka, ni milioni 1.2. Mkiila yote, baada ya miaka kumi ile milioni 10 itanunua kitu kidogo sana. Kwa hiyo acheni tuseme asilimia 4 irudi kwenye mtaji kufidia bei kupanda, ambayo ni laki nne, mnabaki na laki nane za kutumia. Laki nane kwa mwaka ni sehemu ya ada ya mtu mmoja, au ni watu wanne wa mfuko wa dharura kwa kiwango cha laki mbili. Inaonekana ndogo. Lakini ipo mwakani, na mwaka wa ishirini, hata kama nusu ya grupu hamuongei tena.

*Inakufunga kwa muda gani.* Hela yenyewe imefungwa moja kwa moja. Wewe si lazima.

*Kazi ya kufuatilia.* Mwanzoni kubwa, baadaye ndogo. Sehemu za kuweka zinazoeleweka kwa mtu wa kawaida ni mbili. Hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, unaingia kupitia benki, kuanzia milioni 1, zipo za mpaka miaka 20 na 25, riba inaingia kila baada ya miezi sita na kiwango kinategemea toleo uliloingia. Au mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya UTT, ambayo unaanza na hela ndogo na kutoka ni rahisi zaidi, ila faida yake haijaandikwa kwenye jiwe. Kisha kuna suala la nani anamiliki. Akaunti ya jina la mweka hazina, hata akiwa malaika (najisema na mimi), haifai. Sajilini wadhamini RITA (wakala wa serikali wa usajili na udhamini) au muingie makubaliano ya maandishi na chuo kwamba mtaji huu hautachanganywa na hela ya kuendeshea chuo.

*Pa kuvuja.* "Tukope kidogo tutarudisha." Hiyo sentensi imeua mifuko mingi kuliko wizi wa kweli. Wekeni watia saini watatu na kanuni kwamba mtaji unaguswa kwa kura ya wote tu.

*Inamfaa nani.* Familia yenye mirathi inayotaka jina la mzee liendelee, grupu linalotimiza miaka ishirini na tano tangu limalize chuo, kampuni yenye hela kubwa ya mara moja. Haumfai mtu ambaye hela yake yote ni laki tano.

Ukiziweka bega kwa bega

Kwa haraka, dharura na ada ndizo za mbele. Kwa kudumu, mfuko wa kudumu na walimu. Kwa wepesi wa kufuatilia, ada inapendeza, dharura inachosha. Kwa idadi ya watu wanaoguswa na shilingi moja, dharura mwaka huu na walimu mbele ya safari. Na kwa uhusiano, hakuna inayoifikia ada, mtoto uliyemsomesha anabaki kuwa mtoto wako.

Na jambo la kodi kwa wenye biashara, maana huwa linaulizwa pembeni: Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inaruhusu mchango kwa taasisi ya hisani inayotambulika uondolewe kwenye mapato ya biashara kabla ya kodi, usizidi asilimia 2 ya mapato hayo, na michango inayotolewa chini ya Sheria ya Mfuko wa Elimu ya 2001, ile inayosimamiwa na Mamlaka ya Elimu, ina utaratibu wake. Mfanyakazi wa mshahara hili halimgusi. Mwenye biashara, ongea na mhasibu wako kabla hujatoa, maana karatasi ya kuombea baadaye ni ngumu kuipata.

Sasa wewe uko wapi

Kama unatoa elfu hamsini kila mwezi na uko mbali: ingia kwenye mfuko wa dharura wa watu unaowaamini, au mkutane kumi wenye elfu hamsini kama wewe mshike wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Peke yako usiahidi ada ya miaka mitatu.

Kama ni grupu na mna milioni tatu za mara moja na hamjui kama mwakani zitapatikana: msimshike fresha (wa mwaka wa kwanza). Gaweni, sehemu kubwa dharura, kilichobaki mpeni mhadhiri mmoja mwenye utafiti mdogo ulio tayari kuanza.

Kama wewe ni mzee wa Mwaloni, hela inakuja kwa giza: toa ukiipata, dharura inakupokea bila kukuuliza mwezi ujao utaleta nini. Ukitaka kusomesha mtu kabisa, weka kwanza ada ya miaka yote mahali usipopagusa, ndipo umwite mtoto umwambie.

Kama mmefiwa na mzazi aliyekuwa mwalimu au daktari na mnataka jina lake libaki: mfuko wa kudumu kama mna kuanzia milioni kumi na ndugu mnaosikilizana, chini ya hapo tuzo ya kila mwaka kwa mwanafunzi bora wa somo lake inatosha na inaheshimika.

Kama una kampuni na unalalamika kila siku kwamba wahitimu hawajui kazi: nenda kwa walimu. Mlipie TA masta, au nunua kifaa cha maabara pamoja na hela ya kukitengeneza kwa miaka mitatu, maana mashine bila fundi wala rijenti (kemikali za kupimia) ni fenicha.

Na kama huna hela kabisa ila una ofisi, kiwanda, duka la dawa, shule, chochote: nafasi ya fildi ni mchango pia, na nauli ya mwanafunzi kutoka Nyegezi mpaka kwako Igoma kwa wiki nane ni mchango mwingine mdogo juu yake. Mtafute mratibu wa fildi mwezi wa tano, ikifika wa saba watoto wameshaanza kuzunguka mjini na barua zao kwenye bahasha za kaki.